Nimeiona

Siku wodi ya wazazi ilipokaukiwa maji, Injinia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la tatu, magoti yakimfika kifuani, akimsikiliza mwalimu wa binti yake kwa sikio moja. Sikio la pili na kidole gumba vilikuwa chini ya dawati, kwenye simu.

Simu yenyewe haikuwa ya umbea. Ilikuwa ya Mamlaka ya Maji, naye alikuwa kaimu mkuu wa usambazaji, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka mmoja nyuma ni yeye aliyesimama mbele ya wakubwa akaupigania mfumo mpya: kila pampu na kila tangi mjini lifungwe kifaa cha kupimia, na kifaa kikiona kasoro kitume arifa moja kwa moja kwenye simu yake. Wakampigia makofi. Hakuna aliyemwambia kwamba pampu hazijui kupiga hodi. Zililia alfajiri, zililia akiwa bafuni, zililia akiwa msibani amejifunika uso. Nyingi zilikuwa kelele tupu: umeme umecheza kidogo, kifaa kimechomwa na jua. Lakini kila moja ilitaka abonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa NIMEIONA, na asipobonyeza, ilirudi kulia baada ya dakika mbili.

"Mama Maswali," mwalimu aliita. Binti huyo alibatizwa jina la Maswali tangu alipojua kusema, na jina lilikuwa limemfuata hadi shuleni. "Mama Maswali, nauliza mara ya pili. Nyumbani ni nani anayemsaidia kazi za shule?"

Wazazi wote wakageuka. Injinia alihisi shingo ikipata moto. "Baba yake," alisema. "Na mimi pia. Mimi pia, nikiwepo."

"Nikiwepo," mama mmoja wa nyuma alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Vicheko vidogo vikapita kwenye madawati.

Kwa aibu Injinia aliinamisha kichwa, na kidole kikafanya kilichozoea kufanya. Nimeiona, nimeiona, nimeiona. Arifa ishirini na tatu mfululizo, asisome hata moja. Kisha akazima sauti ya simu, akaitumbukiza mkobani, akainua uso kama mzazi wa watu. Ilikuwa saa tisa na dakika tano alasiri. Kwa muda wa saa nzima alisikiliza habari za hesabu na usafi wa kucha, akauliza hata swali moja, akajiona amefanya jambo jema.

Arifa ya kumi na saba ilitoka kwenye tangi la hospitali. Na mfumo ukishaambiwa jambo limeonekana, hunyamaza.

Saa kumi na robo, getini mwa shule, alitoa simu akakuta watu wamempigia mara kumi na moja. Nne za kwanza zilitoka kwa Baba Mapacha, mwangalizi wa kituo cha pampu kinacholisha hospitali. Akampigia.

"Tangi la hospitali limekauka, Injinia," Baba Mapacha alisema kwa sauti ya utulivu iliyomtisha zaidi kuliko kelele. "Pampu kubwa imekufa. Naomba ruhusa nifungue vali ya pembeni, maji yapite njia ya zamani."

"Fungua! Fungua sasa hivi!"

"Nafungua, mama."

Alimkabidhi Maswali kwa baba yake, aliyekuwa akitoka kufundisha shule ya jirani, akashika njia ya hospitali.

*

Maji yalikuwa bado hayajapanda mabomba. Kwenye korido ya wodi ya wazazi ndoo zilikuwa zimepangwa kama foleni ya watu, na wauguzi walinawa kwa maji ya dripu, chupa moja mikono sita. Upasuaji mmoja ulikuwa umesogezwa mbele. Kwa bahati, mama na mtoto wake walikuwa wamehimili. Hakuna aliyekufa. Injinia aliuliza hilo kabla ya salamu.

Kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni alilala msichana aliyejifungua, na pembeni yake alisimama mama yake mzazi, mtoto mchanga mikononi. Mama huyo alikitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Injinia.

"Wewe ndiye wa maji?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu amezaa tangu saa tisa." Hakupaza sauti. Alilifunua shuka kidogo. "Mtazame miguu, hajaoshwa. Ungekuwa wewe ungependa wakwe zako wakukute hivyo?"

Injinia alifungua kinywa aombe radhi. Ukuta ukasogea upande wa kushoto, ukarudi, ukasogea tena. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na muuguzi mkuu, mwanamke mnene aliyekunja mikono ya gauni hadi viwikoni, alikuwa akimfunga kitambaa cha kupimia presha.

"Mia na themanini na mbili, kwa mia na kumi na sita," muuguzi mkuu alisoma. "Dada yangu, hii si presha, hii ni namba ya simu. Leo umekula nini?"

"Chai."

"Saa ngapi?"

Injinia alifikiri. Hakuweza kukumbuka kama ilikuwa leo au jana.

"Nilikuwa nimejiandaa kukugombeza," muuguzi mkuu alisema akilegeza kitambaa. "Nimeyapanga maneno yangu tangu saa tisa na nusu. Sasa umenifanya nikutafutie kitanda, na kitanda chenyewe sina." Nyuma yake bomba la ukutani likakohoa, likatema kutu, na maji yakaanza kutiririka. Wauguzi wakashangilia. Injinia hakuinua kichwa.

*

Daktari alimpa mapumziko ya wiki moja na vidonge vya rangi mbili. Mama yake mzazi alifika kesho yake na mfuko mmoja wa nguo, akashika jiko bila kuulizwa. Alikuwa amestaafu kwenye ubao wa simu: miaka ishirini na saba alikuwa opereta, enzi za kuchomeka waya ndipo mtu azungumze na mwenzake, na bado alizungumza kwa sauti ya mtu anayeomba watu wasubiri kwenye laini.

"Nani anakupigia?" aliuliza, maana simu ilikuwa ikitetemeka chini ya mto.

"Kazini."

"Si wamekupa mapumziko?"

"Pampu hazijapewa mapumziko, mama."

"Sisi tulikuwa wanawake kumi na wawili," mama alisema, akivuta kiti. "Mji mzima ulipita masikioni mwetu. Vifo, harusi, magomvi ya wakubwa. Lakini saa nane ikigonga nilivua vile vya masikioni nikampa mwenzangu, hata kama waziri alikuwa katikati ya sentensi. Usidhani nilikuwa na akili. Msimamizi wetu alikuwa mkali kama pilipili, ukichelewa kukabidhi anakukata mshahara. Nilimchukia yule mama." Akacheka. "Nikaja kumlilia alipokufa."

"Zama zenu zilikuwa nyingine."

"Ndiyo. Tulikuwa wajinga kumi na wawili. Wewe ni msomi mmoja."

Injinia alikasirika, akajigeuza ukutani. Simu ikatetemeka tena. Safari hii ilikuwa sauti ya Naibu wake, mwanamume mtanashati ambaye hakuwahi kusahau kwamba kiti cha ukuu kingeweza kuwa chake.

"Pole, Injinia. Usijisumbue, pumzika. Hospitali imeandika barua kali, na Mkurugenzi anataka maelezo kufikia Ijumaa. Nimeshakuandikia ripoti. Mwangalizi wa kituo hakuchukua hatua kwa wakati. Tunamsimamisha kazi, jambo linaisha. Wewe tia saini tu."

"Lakini Baba Mapacha alinipigia."

"Alikupigia?" Naibu aliuliza. "Simu hupigwa nyingi. Karatasi ndiyo husomwa. Nakuonea huruma, dada, una watoto."

"Mmoja," alisema Injinia, lakini Naibu alikuwa amekata.

Jioni alimweleza mumewe walipokuwa wakikunja nguo zilizokauka. Mume huyo, mwalimu wa jiografia, mpole kwa kawaida, alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila wiki, kwamba yeye ameolewa mke mwenza na simu ya Mamlaka. Leo hakutania. Alikunja shati moja mara tatu.

"Tia saini," alisema.

"Nini?"

"Nimesema tia saini. Mshahara wangu unaujua. Ada, kodi ya nyumba, dawa zako sasa. Huyo mzee amebakiza miaka mingapi astaafu? Miwili? Mitatu?" Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Aliliweka shati chini, akajifuta uso kwa kiganja. "Sijui nimesema nini. Naogopa tu, Mama Maswali. Jana nilipokuona unaletwa na gari la hospitali, nilidhani wameniletea..."

Injinia alimtazama. Ilikuwa muda mrefu hajamtazama mumewe bila kuwa na kioo cha simu katikati. Alikuwa ameota mvi nyuma ya masikio. Zimeanza lini?

*

Asubuhi ya pili alivaa viatu vya kutembelea, akamwambia mama yake anakwenda kunyoosha miguu, akainyoosha hadi kituo cha pampu. Kilikuwa nyumba fupi ya zege yenye madirisha ya nondo, na ndani mtetemo wa mashine ulimwingia mtu hadi kwenye meno.

"Shikamoo, Baba Mapacha."

"Marahaba. Mgonjwa gani huyu anayekuja kumtazama mzima?" Alimfutia kiti kwa kitambaa, akampa.

"Wanataka kukusimamisha kazi."

"Nimesikia."

"Ulinipigia mara nne."

"Nilijua uko kwenye jambo la maana." Akafungua droo, akatoa daftari la jalada gumu, lenye mafuta ya mashine kwenye kona. Mwandiko wake ulikuwa wa mtoto anayetaka sifa. *Saa 9:02 pampu kubwa imesimama. Saa 9:06 nimempigia Injinia. Hakupokea. Saa 9:10 nimempigia. Saa 9:15. Saa 9:30. Saa 9:40 nimempigia Naibu. Amesema nimsubiri Injinia.*

Injinia aliusoma ukurasa mara mbili. "Vali ya pembeni iko hatua kumi kutoka hapa. Kwa nini hukuifungua? Umeifungua miaka yote."

Baba Mapacha alimtazama kwa mara ya kwanza usoni, kisha akamwonyesha ukuta. Karatasi iliyobandikwa pale ilikuwa na muhuri. *Kuanzia leo, mwangalizi yeyote haruhusiwi kufungua wala kufunga vali bila idhini ya Kaimu Mkuu kupitia mfumo. Atakayekiuka atachukuliwa hatua.* Na chini yake, saini. Saini yenye mkia mrefu, ya mtu aliyetia saini akiwa na furaha.

Yake.

"Nilikuwa na ufunguo mkononi," Baba Mapacha alisema. "Nilisimama mbele ya ile vali nusu saa nzima. Binti yangu mmoja alizalia wodi ile ile. Ningefungua, lakini nina watu wanaonitegemea, mama. Karatasi ni karatasi."

Injinia alikaa. Alikuwa ameamini kwamba amebeba mji mzima mgongoni kwa sababu hakuna mwingine wa kuubeba. Kumbe aliwanyang'anya watu mizigo yao, mmoja mmoja, akawashukuru kwa kukaa kando. Hata Naibu, aliyesema msubirini Injinia: nani aliyemfundisha kusubiri?

"Naomba niupige picha huo ukurasa," alisema. "Na hiyo karatasi ya ukutani."

"Chukua hata daftari."

"Hapana, daftari ni lako. Endelea kuandika."

*

Ijumaa saa nne, chumba cha mikutano kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Mkurugenzi alikuwa ameweka barua ya hospitali mbele yake kama sahani. Naibu alisogeza ripoti na kalamu.

"Siitii saini," alisema Injinia. "Arifa ya tangi la hospitali ilifika kwangu. Niliibonyeza bila kuisoma. Nilikuwa kwenye mkutano wa shule ya mwanangu."

Naibu akakohoa. "Kwa heshima zote, Mkurugenzi, mwenzetu bado anaumwa. Presha ina mambo yake, hasa kwa akina mama. Mtu husema..."

"Ninaumwa, lakini sijachanganyikiwa," Injinia alimkatiza. "Na saa tisa na dakika arobaini mwangalizi alikupigia wewe."

Naibu aliifungua chupa ya maji, akasahau kunywa.

"Mfumo uliutaka wewe," Mkurugenzi alisema, akivua miwani. "Ulisimama pale pale. Ulisema, mji mzima kwenye kiganja. Nakumbuka kwa sababu niliyarudia maneno hayo kwa waziri."

"Niliutaka, na bado nautaka. Kosa langu ni kuuweka kwenye kiganja kimoja." Alitoa karatasi aliyoiandaa kitandani, mama yake akimsomea tarakimu kwa sauti ya kuunganisha laini. "Mwezi uliopita zilikuja arifa elfu tatu na mia nne. Zenye maana zilikuwa tisini na moja. Hakuna macho ya mtu yanayoweza kuzitenga hizo na zile, usiku na mchana, peke yake. Naomba mambo matatu. Waangalizi warudishiwe ruhusa ya kufungua vali zao wakiona dharura. Arifa zigawanywe kwa zamu, watu wanne, saa nane nane, mmoja akipumzika, na anayetoka amkabidhi anayeingia kwa mdomo, si kwa kitufe. Na Baba Mapacha asiguswe."

"Na wewe?"

"Mimi niadhibiwe kwa langu. La mwingine silibebi, wala la kwangu simbebeshi mwingine."

Mkurugenzi aliisoma karatasi polepole, kisha barua ya hospitali, kisha karatasi tena. Hakuwa mtu wa huruma, ila alikuwa mtu wa Ijumaa: jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi, na mezani hakukuwa na jingine lolote lenye kichwa na miguu.

"Majaribio ya miezi mitatu," alisema. "Barua ya onyo utaipata leo. Na kuthibitishwa kwako kwenye cheo, ambako kulikuwa kwa mwezi ujao, kunasogea miezi sita. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alitembea wima hadi chooni, akafunga mlango, akalia kwa dakika tatu. Cheo kile alikuwa amekisubiri tangu akiwa msichana pekee katika darasa la mabomba, wavulana wakimuuliza kama amekosea mlango wa upishi. Halafu akanawa uso, akatoka, akaenda kununua ndizi mbili kwenye genge la mbele ya ofisi, akazila pale pale amesimama.

*

Wiki ya kwanza ya zamu ilikuwa vurugu. Fundi mmoja alilala, mwingine alimwita Injinia kwa kila arifa hadi alipomwambia, "Ungekuwa peke yako duniani ungefanya nini? Basi fanya hilo." Naibu alipewa zamu ya mchana, akaipokea kwa midomo iliyobana. Siku ya pili alisimama mlangoni mwa ofisi ya Injinia, macho mekundu, tai imelegea.

"Hivi hili dude hulia hivi siku zote?"

"Leo ni Jumanne. Jumanne huwa imetulia."

Naibu alimtazama, akatazama simu, akatikisa kichwa. "Mwaka mzima?" Ilikuwa ndiyo njia yake ya kuomba radhi, na Injinia aliipokea hivyo. Mwisho wa wiki ni Naibu huyo huyo aliyekaa na mafundi wa mfumo wakaziba kelele za jua na umeme, arifa zikapungua hadi nusu.

Nyumbani mambo hayakunyooka kwa siku moja. Jumamosi ya kwanza Injinia hakujua pa kuweka mikono. Alifagia uwanja uliofagiwa. Maswali alimfuata nyuma akiuliza kwa nini maji hayana rangi, kwa nini watu wazima hawachezi, na kama mama amefukuzwa kazi. Mama yake mzazi alifungasha mfuko wake akarudi kwake, akisema amechoka kupika chakula kisicho na chumvi kwa ajili ya presha ya mtu mwingine. Kwenye kliniki ya hospitali ile ile kipimo kilisoma mia na hamsini na mbili. Muuguzi mkuu alikunja uso. "Bado hujafika. Lakini umeanza kusomeka kama binadamu."

Jumatatu ya wiki ya nne, akipitia taarifa za zamu, aliona kwamba Jumamosi mchana pampu ya kilimani ilisimama. Mwangalizi aliyekuwepo alifungua vali ya pembeni baada ya dakika nane, akampigia fundi wa zamu, fundi akabadilisha fyuzi. Wakazi hawakujua kitu. Wala yeye hakujua. Saa ile alikuwa amelala sebuleni, kitabu cha Maswali usoni.

Alihisi mchomo mdogo wa wivu, kama wa mama anayekuta mtoto amejifunga kamba za viatu mwenyewe. Alikaa nao kidogo. Kisha akatia alama pembeni mwa taarifa, akaandika: *Kazi nzuri. Wapongezwe kwa majina.*

Saa kumi, zamu ya mchana ikiwa yake wiki hiyo, alimkabidhi fundi wa jioni, wakaelezana pampu moja baada ya nyingine, akatoka. Mumewe alikuwa akimsubiri nje ya geti na rundo la madaftari ya wanafunzi kwapani. Hawakuwa wameambizana kwamba atakuja. Wakaongozana kwa miguu, jua likiwa bado juu ya mapaa, mwanzoni bila neno, kama wachumba wasiojua waanzie wapi.

"Leo kuna mwanafunzi," mumewe alianza, kwa mashaka ya mtu aliyezoea kuishia hapo, "nimemwambia achore ramani ya mto. Akachora mto unapanda mlima."

"Halafu?"

Mumewe aligeuka kumtazama kama hakusikia vizuri.

"Halafu ikawaje?" Injinia alirudia, akampokea nusu ya madaftari. "Ulimwuliza kwa nini?"

"Nilimwuliza," alisema mumewe, na uso wake ukaanza kufunguka. "Sasa subiri usikie alivyonijibu."